Sare Isiyovuliwa Njiani

Alhamisi, tarehe 17 Julai 2025. Asubuhi hiyo Kayole iliamka na baridi ya kuuma masikio na manyunyu ambayo hayakuwa mvua wala hayakukoma. Nguo nilizoanika juzi yake kwenye roshani zilikuwa bado mbichi, zimeanza kunuka.

Nilimpashia mume wangu, Javan, maji ya kuoga, nikamwekea chai na viazi vitamu. Hakula. Alikaa kitandani akitazama msumari ulio nyuma ya mlango. Hapo ndipo ilipokuwa ikining'inia sare yake ya kanisa, na sasa msumari ulikuwa mtupu. Polisi waliichukua siku waliyomkamata, wakaitia ndani ya mfuko wa nailoni, wakaandika kitu juu yake. Walimwachilia kwa dhamana, na siku hiyo ndiyo tulikuwa twende mahakamani asomewe mashtaka ya kujifanya afisa wa serikali.

"Mama Lorine," akaniambia, "niombee kabla hatujatoka."

Nikamwekea mkono kichwani, nikafunga macho. Nilitaka kumwambia Mungu amrudishe nyumbani jioni. Neno likafika kooni likakaa hapo. Njia ya kumrudisha nyumbani tulikuwa tumeonyeshwa jana yake, na nilijua ni nani ambaye angeumia ili tuipite. Nikasema tu, "Baba, utuone," kisha nikasema amina. Javan akafungua macho akanitazama, kama mtu aliyengoja chakula akaletewa maji.

Kanisa letu linaitwa Taa ya Alfajiri. Tunavaa kaki, na wenye vyeo hushona utepe wa kijani mabegani. Javan ni sajenti. Siku za kazi yeye ni kibarua, hupakia sabuni kwenye malori ya kiwanda, lakini Jumapili hutembea mbele ya ngoma na waumini wote humfuata. Sare yetu haivuliwi njiani. Hata ukitoka mazishini umelowa, huivui mpaka ufike kwako, upige magoti, usali. Na tuna desturi nyingine. Mtu akikuletea shida ukiwa ndani ya sare, unaipokea umesimama, kisha unamwambia, "Mzigo umeutua kwangu, usiuchukue ukautue kwingine." Maana yake ni kwamba shida hiyo sasa ni ya maombi, isitembezwe kwa majirani. Wazee wetu waliiweka desturi hiyo ili kukata umbea, na kati yetu imekata umbea kweli.

Jina la chifu lilianza kwa mzaha. Mwaka jana Jumapili moja vijana walikuwa wanapigania mitungi pale kwenye mfereji wa ploti yetu. Javan akatokea langoni, anatoka kuzika, yuko ndani ya kaki. Akasema, "Nyinyi, hebu acheni hiyo." Wawili wasiomjua wakatimua mbio wakaacha mitungi. Mbuthia, msimamizi wa ploti, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Chifu amefika, bana," akasema. "Chifu wa ploti. Sasa tumepata serikali yetu."

Sisi wa zamani tulijua ni utani. Lakini hapa kwetu watu huhama na kuhamia kila mwisho wa mwezi. Mpangaji mpya anasikia "Chifu, niaje," anaona kaki kama ya machifu inapanda ngazi, na haoni sababu ya kuuliza.

Mwanzoni Javan alikuwa akijibu, "Mimi ni chifu wa ngoma tu." Baadaye akaacha kulijibu. Akanunua mshipi mpana wenye bizimu la kung'aa, kisha fimbo fupi nyeusi ambayo kanisa halikumpa. Wapangaji wakawa wanasimama akipita. Wakimletea ugomvi wa kamba za nguo au wa redio ya sauti ya juu, anaamua, na wanatii. Sijawahi kumwona akichukua kitu cha mtu kwa hayo. Alikuwa amefokewa miaka yote kiwandani na wasimamizi ambao angeweza kuwazaa, na nadhani lile neno lilimwingia kama uji wa moto kwa mtu aliyeshinda njaa.

"Baba Lorine," nilimwambia siku moja, "cheo cha watu kina wenyewe."

"Kwani nimemwambia nani mimi ni chifu?" akanijibu. "Wakiniita, nikawafunge midomo?"

Millicent alikuja mwezi wa tatu kutoka upande wa Bungoma, ameolewa na Wasike, mpakuzi wa magunia sokoni. Walikaa juu yetu. Alikuwa binti mdogo, mwenye sauti ya chini, na akikutana nawe ngazini alijibana ukutani upite wewe kwanza. Jumapili moja alasiri alibisha kwetu. Javan ndiyo kwanza alikuwa ameingia, hajapiga magoti bado, kaki iko mwilini.

"Hodi kwa chifu."

"Karibu, mwanangu," nikamwambia. "Hapa ni kwa Mama Lorine."

Akavua malapa mlangoni. Huko kwao naibu wa chifu anakaa katikati ya watu. Ukiwa na shauri unampelekea nyumbani kwake Jumapili, akiwa ametulia, na unavua viatu. Millicent alifanya kama alivyolelewa. Akakaa pembeni mwa kiti, akavuta mkono wa sweta kufunika alama nilizokuwa nimekwisha kuziona.

"Mzee, nimekuja kushtaki," akasema. "Wasike ananipiga. Nimeona nisipeleke kwa watu kabla sijafika kwako."

Nikamtazama Javan. Ilikuwa ni kusema neno moja tu, binti angecheka kwa aibu, tungemnywesha chai, nami ningemsindikiza mpaka kwa chifu mwenyewe. Javan akarekebisha mshipi.

"Anakupiga na nini?"

"Mkono. Juzi alichukua mwiko."

"Kisa?"

"Eti ugali ni laini. Mzee, hata huo unga si mimi niliununua." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Kuna mama sokoni aliniambia niende kituo cha polisi, eti kuna dawati la wanawake wanaopigwa. Niende?"

Javan akasimama. Akaweka mikono nyuma, akasema lile neno letu polepole, kama anavyolisema mbele ya waumini.

"Mzigo umeutua kwangu. Usiuchukue ukautue kwingine."

"Ndiyo, chifu," akasema Millicent. Akavaa malapa yake akatoka, na niliusikia mwendo wake ngazini, mwepesi kuliko alivyokuja.

"Huyo hakuja kuombewa," nikamwambia Javan.

"Nitamwombea pia."

Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, alimwita Wasike kwenye ngazi. Wasike ni mtu mkubwa, mabega kama mlango, lakini alishuka kofia ikiwa mkononi. Javan alimnyooshea ile fimbo. "Nikisikia tena sauti ya huyo binti, utalala ndani. Unanielewa?"

"Naelewa, mkubwa. Ni shetani tu, mkubwa."

Mbuthia alikuwa amesimama kando amejifunika mdomo kwa kiganja, macho yanamtoka machozi ya kicheko.

Kwa muda kukawa kimya huko juu. Millicent akawa anaimba akiosha vyombo. Alituletea kunde alizochambua vizuri, akanisalimu kwa mikono miwili. Javan alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa kumtumia, na mimi nikaitikia amina, maana nani asingeitikia? Niliona alama za mkononi zikififia, nikajiambia huenda Mungu ana njia zake.

Kilichovunja kimya hicho ni kicheko. Jumamosi moja mchana wanaume walikuwa wanacheza drafti chini ya ngazi za ploti ya pili. Mbuthia, ambaye hawezi kukaa na hadithi nzuri, akawahadithia jinsi Wasike alivyovua kofia. "Jamaa anaitana mkubwa, mkubwa, na huyo ni mpakia sabuni. Ngoma na kaki, basi. Ulimpigia saluti mzee wa kanisa, Wasike." Wakacheka. Wasike naye alicheka nao, walisema baadaye. Alimaliza mchezo, akashinda hata, kisha akainuka akaja nyumbani.

Nilikuwa kwenye mfereji nafua. Nilisikia kiti kikiangushwa, halafu sauti ya Wasike ikashuka ploti nzima. "Nenda kamwambie chifu wako. Nenda, mwambie." Alirudia maneno hayo, na kila aliporudia kulikuwa na kishindo. Tulipanda na Mbuthia, aliyekuja mbio, na wanawake wengine tukausukuma mlango. Millicent alikuwa sakafuni kando ya jiko. Wasike alikuwa ameshika kigoda. Sitaandika zaidi ya hapo. Hospitalini hawakuweza kuliokoa jicho la kushoto la Millicent.

Askari wa kike alimuuliza akiwa kitandani kama amewahi kuripoti. Akasema ndiyo, kwa chifu. Wakampigia chifu wa kweli, mtu wa ofisi na muhuri, naye akasema hajawahi kumwona binti huyo wala kusikia jina lake. Siku iliyofuata wakaja kwetu. Mimi ndiye niliyewasomea majirani karatasi waliyoacha, kwa sababu Javan alikuwa ameshapelekwa na mikono yangu ilihitaji kitu cha kushika.

Wasike yuko rumande. Anasema mke wake aliteleza akaangukia jiko. Anasema hakuwahi kumpiga hata siku moja, na kwamba mwanamke anayedai alishtaki kwa chifu asiyemjua anaweza kudai lolote.

Ndipo Meja Makokha, mkubwa wa kanisa letu, alipokuja kwetu, siku moja kabla ya mahakama. Simsemi vibaya. Ni mtu aliyetuzikia wazazi. Alikaa kwenye kiti kile alichokalia Millicent, akanywa chai yote, akaweka kikombe chini.

"Sare ni ya kanisa," akasema. "Si ya serikali. Na wewe hukutamka kwa kinywa chako kwamba ni chifu. Au ulitamka?"

"Sikutamka, Meja."

"Basi. Binti alikuja kuombewa, ukamwombea, ukampa neno la kanisa. Mbuthia yuko tayari kusema lile jina ni utani wa ploti. Ukikana, kesi haina miguu. Ukikubali, kesho kutwa wataanza kutuvua kaki barabarani, watoto kwa wazee."

Javan alikuwa akizungusha pete kidoleni. "Na nikisema alikuja kuombewa," akauliza, "huko kwenye kesi ya Wasike, binti atakuwa alishtaki kwa nani?"

"Wasike ana kesi yake."

"Ndiyo, Meja. Lakini atakuwa mwongo."

"Mimi sikusema hivyo."

"Hukusema. Hata mimi sikusema ni chifu."

Meja Makokha akachukua kofia yake akaondoka bila kusali nasi. Haijawahi kutokea hivyo nyumbani kwetu.

Mahakamani tulikuta watu wamejaa ukumbini, miavuli inatiririsha maji sakafuni. Millicent alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, bandeji nyeupe imefunika upande mmoja wa uso, leso imefungwa vizuri juu yake. Mbuthia alikuwa amesimama ukutani. Alipotuona alisema, "Chifu," kisha akashika mdomo. "Pole, mzee. Ulimi umezoea."

"Mwache amwite," akasema Millicent. Sauti ilikuwa ile ile ya chini. "Hata mimi nilimwita."

Javan akamsogelea, hakukaa. "Binti yangu, jicho linaendeleaje?"

"Lipi, mzee? Hili lililobaki ni zima. Linakuona umevaa sweta." Akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Leo wewe ni nani?"

Javan akaitazama sweta yake.

"Nakuuliza kwa heshima. Nilikuuliza niende kituoni, ukanikataza. Unakumbuka, ama nilikuwa naota?"

"Nakumbuka."

"Basi kakumbuke huko ndani. Mama yangu amepiga simu jana, anauliza kama ni kweli nilidanganya serikali. Watu wa kwa Wasike wamefika mpaka kwetu kusema hivyo."

Nilitaka kumshika mkono, lakini akauondoa ukaniachia hewa. Sikumlaumu. Meja Makokha akatokea na wazee wawili wa kanisa, wote wamevaa kaki, wamelowa mabegani. Akamshika Javan kiwiko akamnong'oneza. Javan akatikisa kichwa, na sikujua kama ni kukubali au kukataa, kwa maana alitikisa kama mtu anayefukuza nzi.

Jina lake likaitwa. Akapanda kizimbani. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyoshuka puani na sweta ndani ya joho. Karani akasoma: kwamba Javan Luseno, katika eneo la Kayole, alijifanya mtu aliyeajiriwa katika utumishi wa umma, na kwa kujifanya hivyo akapokea malalamiko na kutoa amri.

"Ni kweli au si kweli?"

Mvua ilikuwa imeongezeka juu ya paa. Javan alishika ubao wa kizimba. Nilimwona akimtazama Meja, kisha akanitazama mimi, na hapo ndipo ile sala iliyonikwama asubuhi ilipotoka, lakini haikutoka kama nilivyoitaka. Sikuomba arudi nyumbani. Niliomba asiuangushe mzigo wa mtu.

"Ni kweli," akasema Javan.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Unaelewa kwamba kwa kosa hili unaweza kufungwa hadi miaka mitatu?"

"Naelewa, mheshimiwa."

"Kuna mtu amekulazimisha kukubali?"

"Hakuna. Nimelazimishwa nikatae, nimeshindwa."

Kuna waliocheka nyuma. Hakimu hakucheka. Mwendesha mashtaka akaeleza mambo yalivyokuwa, akautoa ule mfuko wa nailoni akauinua. Niliiona sare ambayo nimeipiga pasi kila Jumamosi, imekunjamana, utepe wa kijani umegeukia ndani, bizimu la mshipi likimetameta katikati yake. Nilimwona Meja akiinamisha kichwa.

"Mshtakiwa, hayo uliyoyasikia ni sahihi?"

"Ni sahihi, lakini yamepunguka," akasema Javan. "Imesemwa nilipokea malalamiko. Haijasemwa kwamba binti aliniuliza kama aende polisi, nikamwambia asiende. Nilimwambia asipeleke kwingine. Hilo ni neno la kanisa letu, nalo si baya. Lakini yeye hakulisikia kama neno la kanisa. Alilisikia kama amri, na mimi nilijua ndivyo anavyolisikia, nikaliacha liingie hivyo. Ningekuwa nimevaa hii sweta angeshuka ngazi akaenda zake kituoni, na leo angekuwa na macho mawili."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema hukumu itangoja ripoti ya afisa wa urekebishaji tabia, na kwamba mpaka siku hiyo mshtakiwa atakaa rumande. Nilisikia neno rumande. Nikafikiria jioni, Lorine akirudi kutoka shule, akiuliza. Nikafikiria kile kitanda. Askari akafungua mlango mdogo wa kizimba.

"Una la kuongeza kabla hujaondoka?" hakimu akauliza.

"Naomba niseme na mtu mmoja, mheshimiwa. Kwa sauti, wote wasikie."

Hakimu akatazama saa, akaitikia kwa kichwa.

Javan hakugeuka kwangu. Aligeuka upande wa benchi la mwisho, alipokuwa Millicent amesimama na mkono mmoja kwenye bandeji. Alizoea kusimama mikono nyuma akitaka kusema neno kubwa. Safari hii aliiacha ining'inie tu, mitupu, nami nikaona jinsi alivyozeeka.

"Millicent," akasema, "mbele ya mheshimiwa, na mbele ya mke wangu Asenath, na Meja Makokha, na Mbuthia. Mimi si chifu. Mimi ni Javan Luseno, kibarua. Siku ya kesi ya Wasike waambie waniite. Nikiwa nimefungwa, nitakuja na pingu. Nitasema uliniambia unapigwa, nikakuona alama mkononi, na mimi ndiye niliyekuzuia kwenda. Mtu asikuite mwongo kwa sababu yangu. Naahidi."